CV na Ukurasa wa LinkedIn Viseme Jambo Moja: Mwongozo Kamili kwa Mtafuta Kazi

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye jopo la usaili wa nafasi ya afisa mikopo jijini Dar es Salaam, na miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho alikuwamo dada mmoja ambaye kwa maswali ya kazi hakuna aliyemkaribia. CV yake ilisema kwamba alifanya kazi benki kuanzia 2019 hadi 2021 akiwa Afisa Mikopo Mwandamizi. Mjumbe mmoja wa jopo, simu ikiwa mkononi, alifungua ukurasa wake wa LinkedIn (mtandao wa kijamii wa masuala ya kazi) na kukuta "Afisa Mikopo", Novemba 2019 hadi Februari 2021, tena chini ya jina la wakala wa ajira. Alipoulizwa alieleza vizuri kabisa: mkataba wake ulikuwa na wakala, kituo chake cha kazi kilikuwa benki, na huo uandamizi alipewa kwa mdomo siku alipoanza kukaimu nafasi ya mkubwa wake. Hakuna neno la uongo alilotamka. Hata hivyo, muda wote uliobaki wa usaili ulitumika kuzungumzia tarehe na vyeo badala ya uwezo wake wa kufuatilia mikopo, na jopo lilipobaki peke yake neno lililorudiwa zaidi lilikuwa "mashaka". Nafasi ilikwenda kwa mwingine.

Kwa niliyoyaona tangu hapo, tofauti za namna hii hutokana na udanganyifu mara chache. Mara nyingi hutokana na historia ya nyaraka zenyewe. CV ilichapwa steshenari mwaka wa kuhitimu chuo, kwa mfano wa CV ya rafiki, kisha ikawa inaongezewa mistari kila kazi mpya ilipopatikana. Ukurasa wa LinkedIn ulifunguliwa siku nyingine kabisa, kwenye simu, pengine ndani ya daladala, na tarehe zikajazwa kwa kukisia. Kila waraka umezaliwa kivyake, na mwenyewe hajawahi kuviweka vyote viwili mbele yake kwa wakati mmoja. Mwajiri ndiye anayekuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuvipa vyote viwili chanzo kimoja. Kabla ya kuanza, shika tofauti moja ambayo itakurahisishia kazi yote: kinachopaswa kufanana ni ukweli, yaani majina, tarehe, waajiri, vyeo na sifa za kitaaluma, wakati maneno ya kuueleza ukweli huo yanaweza kutofautiana, na katika sehemu nyingine ni lazima yatofautiane. Anayenakili CV yake neno kwa neno na kuimwaga LinkedIn hajatatua tatizo lililomwangusha yule dada, kwa sababu tarehe iliyokisiwa ikinakiliwa mahali pawili inabaki kuwa ya kukisia.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi kabla ya kuwasha kompyuta

Kumbukumbu ya binadamu si shahidi mzuri wa tarehe. Tafuta kwanza barua za ajira, mikataba, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo au za kukaimu, hati za mishahara ya mwezi wa kwanza na wa mwisho, na barua ya kuacha kazi. Wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao katika jambo hili: Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, na Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 ina takwa kama hilo. Kama uliondoka bila kupewa, andika barua ya kukiomba hata kama miaka miwili imepita.

Ikiwa karatasi zimepotea kwa kuhamahama, taarifa ya michango ya NSSF ni mkombozi, kwa kuwa inaonyesha mwajiri aliyekuchangia na miezi aliyokuchangia. Kwa Kenya, fomu za P9 za kila mwaka hufanya kazi hiyo hiyo upande wa kodi. Taarifa ya NSSF ina faida nyingine isiyopendeza sana: itakuonyesha kwa jina ni nani hasa aliyekuwa mwajiri wako, na kwa waliopitia kwa mawakala jibu hilo huwa tofauti na lile wanalowaambia watu.

Hatua ya pili: tengeneza daftari mama

Fungua faili moja, iwe jedwali la Excel au hata daftari la kawaida la kurasa nyingi, uiite daftari mama. Faili hii hutamtumia mtu yeyote. Kila kazi uliyowahi kufanya iwe na mstari wake wenye jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba, jina la mahali ulipofanyia kazi kama ni tofauti, cheo cha kwenye barua, cheo ulichokuwa ukiitwa ofisini, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, aina ya ajira, jina la msimamizi wako, na waraka unaothibitisha yote hayo. Fanya vivyo hivyo kwa elimu, kozi fupi na usajili wa bodi za kitaaluma. Weka pia kazi ambazo huna mpango wa kuzitaja popote, ikiwemo ile ya miezi mitatu iliyoisha vibaya, kwa sababu ni lazima ujue pengo lake linaangukia wapi.

Kazi hii huchukua jioni mbili au tatu, na ndiyo nzito kuliko zote. Kuanzia hapo kanuni inakuwa nyepesi: hakuna kitu kinachoingia kwenye CV au LinkedIn ambacho hakimo kwenye daftari mama, na mabadiliko yoyote huanzia humo.

Hatua ya tatu: jina

Chukua kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cheti cha chuo, uvilaze mezani sambamba. Si ajabu kukuta Khadija kwenye kimoja na Hadija kwenye kingine, Mohamed hapa na Mohammed pale, au majina matatu kwenye cheti cha shule na mawili kwenye cha chuo. Aliyeolewa anaweza kuwa na ubini wa mume kwenye kitambulisho na wa baba kwenye vyeti vyote. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania haichukulii jambo hili kwa wepesi: matangazo yake ya kuita kwenye usaili huwataka wale ambao majina yao yanatofautiana kwenye nyaraka waje na hati ya kisheria ya mabadiliko ya jina. Anayejua mapema kwamba majina yake yanagongana ana muda wa kushughulikia hati hiyo. Anayegundua siku moja kabla ya usaili hana.

Kwa CV, tumia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. LinkedIn unaweza kutumia majina mawili, mradi yawe mawili kati ya yale yale na kwa tahajia ile ile, na kama vyeti vyako vina ubini wa zamani, ipo sehemu ya kujaza jina la awali ili anayekutafuta kwa jina hilo akupate. Majina ya utani, "Mama Fulani", alama za moyo na vyeo vya heshima vitoke. Kisha uhariri kiungo cha ukurasa wako, ambacho LinkedIn hukijaza tarakimu ovyo pale unapojisajili, kibaki na jina lako tu, na kiungo hicho ndicho ukiandike juu ya CV pamoja na simu na barua pepe.

Hatua ya nne: tarehe

Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua mfano wa yule dada. Aliyeanza Novemba 2019 na kumaliza Februari 2021 amefanya kazi miezi 16. Akiandika kwenye CV "2019–2021", msomaji anayepita haraka ataona miaka miwili, na mwenye ukarimu ataona mitatu. LinkedIn inauliza mwezi, na ukishaujaza inapiga hesabu yenyewe na kuandika pembeni mwaka mmoja na miezi minne. Mwajiri anayeweka nyaraka hizo mbili pamoja haoni mtu aliyefupisha maandishi, bali anaona mtu aliyeficha miezi minane. Dawa ni kuandika mwezi na mwaka mahali pote pawili, bila kujali kama tarehe hizo zinakupendezesha au la.

Kosa la pili ni neno "hadi sasa". Nimekutana na watu ambao kwa mujibu wa LinkedIn wana kazi tatu za kudumu kwa wakati mmoja, mbili kati yake ziliisha zamani ila hakuna aliyekumbuka kuzifunga. Pitia kila mstari wenye neno hilo. Kama kazi imeisha, ifunge kwa mwezi wake halisi, hata kama itakuacha ukionekana huna kazi leo. Kuonekana huna kazi si aibu kwa mtafuta kazi, lakini kumwambia mwajiri kwamba uko kazini halafu msimamizi wako wa zamani akaseme uliondoka miezi saba iliyopita ni jambo ambalo halina maelezo mazuri.

Kuhusu mapengo, usiyazibe kwa kuinyoosha kazi ya kabla au ya baada. Pengo la kuuguza mzazi, la uzazi, la kurudi shule au la kutafuta tu kazi bila kuipata huelezwa kwa mstari mmoja. Tangu 2022 LinkedIn yenyewe ina sehemu maalumu ya kuandika mapumziko ya kazi. Kama katika kipindi hicho ulikuwa na shughuli zako, mathalani ulikuwa ukiwatunzia vitabu vya hesabu wafanyabiashara wawili wa Kariakoo, hiyo ni kazi halali ya kujiajiri na iandikwe hivyo kote, pasipo kulipatia duka la watu wawili jina la kampuni ya kimataifa ya ushauri.

Mafunzo kwa vitendo ya wakati wa chuo, yale tunayoyaita fildi, yaandikwe kuwa ni mafunzo. Wiki nane za fildi zikigeuzwa "Afisa" kwenye CV na kubaki "mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo" LinkedIn, umejishtaki mwenyewe.

Hatua ya tano: mwajiri na cheo

Ikiwa mkataba ulikuwa na wakala wa ajira na kazi ikafanyika benki, kampuni ya simu au mgodini, kuna namna moja tu ya kuandika ambayo haitakusumbua: "Wakala fulani, kituo cha kazi: Benki fulani." Namna hii inatunza sifa ya kufanya kazi mahali panapojulikana, na wakati huo huo mtu wa rasilimali watu akipiga simu benki na kuambiwa jina lako halimo kwenye orodha ya waajiriwa, hatashtuka. LinkedIn inaruhusu kuchagua aina ya ajira kuwa ya mkataba, na sehemu ya maelezo inatosha kutaja kituo. Najua baadhi ya watu huona wakala ni doa. Mimi sioni hivyo, na wasaili wanaojua soko la ajira la mjini wanafahamu kwamba kaunta nyingi za huduma kwa wateja zimejaa watu wa mikataba hiyo.

Majina ya waajiri nayo hubadilika. Aliyeajiriwa Celtel Tanzania mwaka 2007 aliona jina la mwajiri wake likiwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, pasipo yeye kuhama dawati. Barclays ya Kenya ilichukua jina la Absa mwaka 2020, na Tigo ya Tanzania ikawa Yas mwaka 2024. CV iliyoandikwa zamani itakuwa na jina la zamani, huku LinkedIn ikionyesha jina jipya kwa kuwa ukurasa wa kampuni umebadilishwa na wenyewe. Msomaji asiyejua historia hiyo anaweza kudhani ni kazi mbili. Andika kote jina la sasa na kufuatiwa na la wakati ule, kwa mfano "Airtel Tanzania (wakati huo Zain)". Vyuo vina hadithi hiyo hiyo: IDM Mzumbe (Chuo cha Uongozi wa Maendeleo) iligeuka kuwa Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001, na Kenya Polytechnic ilifikia kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya mwaka 2013. Cheti kibaki na jina lililochapwa juu yake, na jina la sasa lije kama maelezo.

Cheo kinachoandikwa ni cha kwenye barua. Ikiwa ulikaimu, andika "nikikaimu" pamoja na miezi yake, nalo ni jambo la kujivunia. Ikiwa cheo cha barua hakieleweki nje ya taasisi yako, kama "Afisa Daraja la II", kiache kama kilivyo na uongeze baada yake maneno machache ya kueleza kazi yenyewe: "Afisa Daraja la II, usimamizi wa malipo". Waliopanda vyeo ndani ya taasisi moja waviandike vyote kwa tarehe zake tofauti. LinkedIn huvipanga chini ya mwajiri mmoja ukichagua ukurasa ule ule wa kampuni kila mara, na CV ifuate mpangilio huo. Kumpa mtu cheo cha mwisho kwa miaka yote sita, wakati mitatu ya kwanza alikuwa karani, ni kumpunja yule karani aliyepanda.

Hatua ya sita: elimu na usajili wa kitaaluma

Katika eneo letu, jambo hili lina uzito wa pekee. Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti ambapo watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kenya nayo, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa Februari 2024 taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti bandia. Waajiri binafsi walizisoma habari hizo kama kila mtu, na mwombaji ambaye CV yake inasema shahada wakati LinkedIn inasema stashahada husomwa kwa jicho lililofunzwa na historia hiyo, hata kama kilichotokea ni kwamba alijiendeleza na kusahau kubadilisha upande mmoja.

Andika jina la tuzo kama lilivyo kwenye cheti, chuo, na mwaka wa kutunukiwa. Kama masomo hayajaisha, sema "ninaendelea" na mwaka unaotarajia kumaliza. Uliyeacha katikati usiandike miaka tu na kumwachia msomaji ahitimishe. Uliyesoma nje ya nchi, hakikisha umepata utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kuomba kazi Tanzania, kwa sababu utaulizwa.

Kupasi mitihani ya bodi na kusajiliwa na bodi ni mambo mawili. Mhitimu wa uhandisi ambaye yuko katika ngazi ya mhandisi mhitimu kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi si mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, na herufi zinazofuata jina lazima ziheshimu ngazi hiyo pande zote mbili. Mtu huziongeza herufi LinkedIn kwa furaha ya siku ya matokeo, na CV anaiacha salama. Mwajiri akiangalia orodha ya bodi hamwoni.

Hatua ya saba: mahali ambapo maneno yanaruhusiwa kutofautiana

CV hutumwa kwa mwajiri mmoja kwa nafasi moja, na ukurasa wa LinkedIn husomwa na yeyote. Kwa hiyo CV hukazwa kulingana na tangazo, huku ukurasa ukibaki mpana. Anayeomba kazi ya uhasibu serikalini atatanguliza uzoefu wake wa MUSE, mfumo wa malipo wa serikali ya Tanzania. Akiomba kampuni binafsi atatanguliza programu za uhasibu za QuickBooks au Tally. Vyote vitatu viwepo LinkedIn, na visiwe vigeni kwenye CV yoyote. Kichwa kinachokaa chini ya jina LinkedIn kina nafasi ya herufi 220, na sehemu ya kujieleza ina herufi 2,600. Humo andika kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti yako, wakati muhtasari wa CV ukiwa mistari mitatu au minne mikavu. Kitu kimoja kisibadilike: fani unayojitambulisha nayo. Ukurasa unaosema "mtaalamu wa masoko ya kidijiti" na CV inayosema "mhasibu mwenye uzoefu" vinamwambia mwajiri kwamba unaomba chochote.

Takwimu za mafanikio zinahitaji uangalifu wa pande mbili. Kwanza, zifanane. Ukisema kwenye CV kwamba kitengo chenu kilipunguza mikopo chechefu kwa asilimia 40, LinkedIn isiseme 25, na daftari mama liwe limeandika takwimu hiyo ilitoka kwenye ripoti ipi na mchango wako ulikuwa upi. Pili, pima kiasi cha kufichua. Viwango vya mikopo mibovu, majina ya wateja na thamani za mikataba ni siri za mwajiri, na mkataba wako huenda unakufunga hata baada ya kuondoka. Kwenye CV, inayosomwa na watu wachache, unaweza kueleza zaidi. Hadharani, "nilisimamia ufuatiliaji wa mikopo katika matawi manne" panatosha. Tofauti ya kina si mgongano.

Vivyo hivyo kwa taarifa binafsi. CV zetu nyingi bado zinataja tarehe ya kuzaliwa na hali ya ndoa. Usizipeleke LinkedIn, na namba ya kitambulisho cha taifa isionekane kwenye ukurasa wowote wa wazi. Matapeli wa ajira, wale wanaoomba hela ya fomu kwa simu, hukusanya taarifa mahali pa namna hiyo.

Hatua ya nane: kuhariri ukurasa bila kupiga mbiu

Aliye kazini na anatafuta kwingine asibadilishe ukurasa mzima usiku mmoja. Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye mipangilio ya faragha uzime kipengele kinachowatangazia watu ulioungana nao kila unapobadilisha kazi au elimu, kisha ufanye marekebisho kidogo kidogo. Alama ya kuonyesha kwamba uko tayari kwa kazi inaweza kuwekwa ionekane kwa waajiri tu. LinkedIn hujitahidi kuwaficha wale wa kampuni yako, ila yenyewe haikupi hakikisho, kwa hiyo amua ukijua hivyo.

Chunguza pia kama una akaunti mbili. Hutokea sana kwa waliojisajili kwa barua pepe ya chuo, wakapoteza nywila, wakafungua nyingine. Akaunti ya zamani haifi. Inaendelea kukutangaza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ukiweza kuingia kwenye zote mbili, mipangilio ina njia ya kuziunganisha, lakini kinachohama ni watu ulioungana nao tu, si mapendekezo wala maelezo ya kazi, hivyo nakili unachokihitaji kwanza.

Ukimaliza, fungua dirisha la faragha la kivinjari ambamo hujaingia kwenye akaunti yoyote, ujitafute kwa jina. Unachokiona hapo ndicho anachokiona mgeni.

Hatua ya tisa: tovuti nyingine na fomu

LinkedIn si pekee. Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini Tanzania, ina taarifa zako, na huenda BrighterMonday au Fuzu pia zinazo, kila moja ikiwa na toleo la mwaka ulioijaza. Ziorodheshe ndani ya daftari mama pamoja na barua pepe uliyotumia, na zisizohitajika uzifunge. Fomu nyingine hupokea CV na kujijaza zenyewe, na hapo huchanganya mwaka wa kuanza na wa kumaliza, au hugeuza mtaa kuwa jina la mwajiri. Soma kila kisanduku kabla ya kutuma. Na ile CV iliyobaki kwenye kompyuta ya steshenari, yenye namba ya simu usiyoitumia tena, usiichape tena kwa sababu ya haraka.

Hatua ya kumi: wadhamini

Wadhamini wako ni chanzo cha tatu cha habari zako, nao hawana daftari mama. Mpigie kila mmoja kabla ya kutaja jina lake, umtumie CV ile ile unayoituma, na umkumbushe kwa upole: "Mzee, tulikuwa wote kuanzia Machi 2018 hadi Julai 2020, nami nilikuwa Msaidizi wa Ununuzi." Bosi aliyesimamia watu arobaini hawezi kukumbuka tarehe zako, na kukisia kwake kutahesabiwa dhidi yako. Uliza pia cheo chake cha sasa. Waliokopi CV ya rafiki wahakikishe wadhamini wa rafiki hawakubaki mwishoni. Jambo hili nimeliona zaidi ya mara moja na halichekeshi likikupata.

Ukigundua kosa baada ya kutuma

Rekebisha daftari mama na LinkedIn siku hiyo hiyo, kisha mwandikie mwajiri kwa ufupi, kabla hajakuuliza: "Katika CV niliyowasilisha tarehe 4, mwezi wa kumaliza kazi yangu ya pili umeandikwa Juni 2022 badala ya Februari 2022. Naambatisha nakala iliyosahihishwa, na naomba radhi kwa usumbufu." Usiandike historia ya jinsi kosa lilivyotokea. Usibadilishe LinkedIn kimya kimya ili ifanane na CV yenye kosa, kwa kuwa wapo wanaohifadhi nakala ya ukurasa kama ulivyokuwa siku ya maombi.

Kila CV unayoituma uihifadhi kwa jina lako, jina la mwajiri na tarehe, badala ya "CV mpya", "CV mpya ya mwisho" na "CV mpya ya mwisho kabisa". Simu ya kuitwa kwenye usaili huweza kuja miezi mitatu baadaye, na siku hiyo faili ya kufungua na kuchapa ni ile iliyoko mkononi mwa jopo, uiweke kando ya ukurasa wako wa LinkedIn kama unavyosomeka leo, na upitishe kidole mstari kwa mstari.